Sifa Bila Sababu: Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Wahusika wa Hadithi Fupi katika Shule za Sekondari za Kenya

1.0 Utangulizi

Hadithi fupi ina nafasi yake maalumu katika mtihani wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE), mkusanyiko wa hadithi fupi husimama pamoja na riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Miongoni mwa mikusanyiko iliyopata kutahiniwa ni Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007), uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Maelfu ya vijana wamezisoma hadithi hizo. Na kwa wengi wao, yumkini, hizo ndizo hadithi fupi za Kiswahili za mwisho kuzisoma kwa makini maishani mwao. Kwa hiyo namna zinavyosomwa si jambo dogo.

Makala haya yana dai moja. Tunadai kwamba darasani mhusika hufundishwa kwa sifa zake bila sababu zake. Mwanafunzi huulizwa mhusika yukoje, naye hujibu kwa orodha ya vivumishi: ni mkatili, ni mwenye bidii, ni mnafiki, ni mwoga. Ni nadra kuulizwa kwa nini mhusika alitenda alivyotenda, alikuwa na njia gani nyingine mbele yake, na ni kitu gani kilichomfanya aiache. Matokeo yake ni kwamba hadithi fupi, ambayo kwa umbile lake humtaka msomaji atafute nia iliyofichika, imegeuzwa kuwa daftari la hukumu zilizokwisha kutolewa. Tutaeleza kwanza tofauti ya sifa na nia, kisha tutaonyesha kwa mifano michache hasara inayopatikana tofauti hiyo inapopuuzwa, na mwishoni tutajibu pingamizi tunazozitarajia na kutoa mapendekezo.

2.0 Sifa na Nia

Sifa ni jina tunalolipa tendo baada ya kulitazama kwa nje. Nia ni kile kinacholiunganisha tendo na mtendaji: haja yake, hofu yake, ahadi aliyoifunga, aibu anayoikimbia, hali ya maisha iliyombana. Watu wawili wanaweza kuwa na sifa moja kwa sababu zinazokinzana. Mmoja hunyamaza kwa kiburi, mwingine hunyamaza kwa kuwa kila alipofumbua kinywa alipigwa. Mwanafunzi anayeandika "ni mkimya" kuhusu wote wawili hakukosea, lakini pia hakusema neno.

Nadharia ya fasihi haikuwahi kuridhika na orodha ya sifa. Aristotle, katika maandishi yake kuhusu utanzu wa tanzia, aliliweka tendo mbele ya tabia, na tabia yenyewe akaieleza kuwa ni kile kinachodhihirisha uchaguzi wa mtu. Yaani, pasipo na uchaguzi hapana tabia ya kuzungumzia. E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, aliwagawa wahusika katika makundi mawili ambayo sisi tumeyapokea kwa majina ya wahusika bapa na wahusika duara. Kigezo chake cha mhusika duara kilikuwa uwezo wa mhusika huyo kutushangaza kwa njia ya kuaminika. Hatuwezi kusema kwamba mshangao unaaminika mpaka tuwe tumeielewa sababu yake. Katika Kiswahili, vitabu kama Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah (1999) na Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake cha Kyallo Wadi Wamitila (2002) vimeweka msingi mpana wa mjadala huu. Kwa hiyo tatizo si uhaba wa nadharia. Tatizo liko katika safari ya nadharia hiyo kutoka chuo kikuu hadi darasani, ambako njiani hupukutika hadi kubaki istilahi tupu: "bapa", "duara", "mkuu", "mdogo".

Mtihani wenyewe una sehemu yake ya lawama. Katika swali la dondoo mtahiniwa hutakiwa aeleze muktadha wa maneno, na aghalabu alama nne hutengwa kwa hoja nne: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa nini maneno hayo yamesemwa. Hiyo "kwa nini" ya mwisho mara nyingi ndiyo mahali pekee ambapo nia ya mhusika inadaiwa waziwazi, nayo ina thamani ya alama moja katika swali la alama ishirini. Mwanafunzi mwerevu huona upesi mahali alama zilipo. Akiulizwa sifa nne kwa alama nane, atakariri sifa nane ili awe na akiba.

3.0 Umbile la Hadithi Fupi

Inafaa tujiulize kwa nini suala hili linaigusa hadithi fupi kuliko riwaya. Mwandishi wa riwaya ana nafasi ya kutueleza utotoni mwa mhusika palitokea nini, nani alimlea, na jeraha gani lilipona vibaya. Mwandishi wa hadithi fupi hana nafasi hiyo. Huingia karibu na kilele, humkuta mhusika yumo mashakani tayari, na hutoka kabla ya vumbi kutua. Historia ya mhusika huja kwa vidokezo: neno moja la mama, deni lililotajwa kwa kupita, ishara ya mkono, jina.

Ni kwa sababu hiyo hadithi fupi huacha mapengo mengi kuhusu nia, na mapengo hayo ni sehemu ya ufundi wake. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Msomaji wa hadithi fupi hutakiwa awe kata: ateremke ndani, achote. Mwongozo unaompa orodha ya sifa humwambia kwamba mtungi umejaa maji, na kwamba hana haja ya kuteremka.

Hapa pana mtego mwingine ambao ni wa fasihi yetu wenyewe. Waandishi wa Kiswahili hupenda majina ya majazi. Katika Tumbo Lisiloshiba tunakutana na Mashaka katika hadithi ya Ali Abdulla Ali, na Mkubwa katika hadithi ya Ali Mwalimu Rashid. Jina la aina hiyo humwonyesha msomaji mwelekeo, lakini pia humshawishi adhani kwamba kazi imekwisha. Mashaka anapata mashaka kwa kuwa anaitwa Mashaka! Ukweli ni kwamba jina hilo ni swali ambalo mwandishi ameliweka juu ya kichwa cha mhusika, na hadithi nzima ni jaribio la kulijibu: mashaka haya yametoka wapi, na nani anafaidika nayo?

4.0 Mifano

4.1 Hofu ya Sara

Tuanze na hadithi "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany. Sara ni msichana wa shule anayebakwa, akapata mimba, na akaificha. Ukimuuliza mwanafunzi sifa za Sara, huenda ya kwanza kutajwa ikawa kwamba ni mwoga. Ushahidi upo: aliogopa kuwaambia wazazi. Alama mbili zimepatikana.

Lakini hebu tulifuatilie neno hilo. Sehemu kubwa ya hadithi hiyo inapita ndani ya mawazo ya Sara. Anamwona babake akighadhabika, anajiona akifukuzwa nyumbani na shuleni, anawasikia watu wakimsema. Yote hayo anayaona kabla hayajatukia. Na hatimaye wazazi wanapojua, hawatendi kama alivyowaza, bali wanampokea. Hapo ndipo swali la nia linapokuwa zito. Ikiwa baba huyu hakuwa mtu wa kumfukuza mwanawe, basi Sara alikuwa akimwogopa nani? Jibu, kwa maoni yetu, ni kwamba hakumwogopa baba aliyekuwa naye nyumbani, bali baba aliyefundishwa na jamii kumtarajia. Alikuwa amekwisha kusikia yaliyowapata wasichana wengine, na akaihesabu hukumu yao kuwa yake. Hofu yake ni ujuzi alioupata kwa kuishi katika jamii inayomuuliza aliyedhulumiwa maswali ambayo haimuulizi dhalimu. Msomaji aliyefika hapo ameelewa hadithi inamshtaki nani. Msomaji aliyeishia kwenye "ni mwoga" ameungana na washtakiwa.

Jambo hili lina uzito nje ya kurasa. Hatuwezi kudhani kwamba katika kila darasa linaloisoma hadithi hii hamna msichana anayebeba siri kama ya Sara. Msichana huyo anaposikia mwalimu akiandika ubaoni kwamba kunyamaza kwa Sara ni woga, anajifunza kwamba kosa ni lake kwa mara ya pili. Akisikia darasa likiulizwa "Ni kitu gani kilichomfanya Sara aone kwamba hawezi kusema?", anasikia swali ambalo huenda hajaulizwa na mtu yeyote.

4.2 Samueli na wasomaji wake

Mfano wa pili ni "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro. Samueli anashindwa mtihani ambao babake amejinyima ili ausomee. Anamdanganya babake kuhusu matokeo, kisha anakwenda kujitosa bwawani, akaokolewa. Orodha ya sifa ni rahisi kuitabiri: ni mwongo, ni mwepesi wa kukata tamaa, hana busara.

Tunapaswa kukumbuka kwamba wasomaji wa hadithi hii, ilipokuwa ikitahiniwa, walikuwa vijana waliojiandaa kufanya mtihani. Walisoma habari za kijana aliyeona kwamba kushindwa mtihani ni kukosa haki ya kuishi, na waliisoma kwa ajili ya mtihani. Kwa mwalimu makini hii ingekuwa fursa ya pekee. Uongo wa Samueli kwa babake una nia gani? Hakika haumpatii faida yoyote ya kudumu, kwa kuwa matokeo hayafichiki. Faida yake ni muda mfupi tu wa kuendelea kuwa mwana aliyetarajiwa, kabla ya kuwa mwana aliyeshindwa. Huo ni uongo wa mtu anayeona aibu kwa sababu anajua vizuri kile alichogharimu. Tena, ni nani aliyemfundisha kwamba thamani yake na alama zake ni kitu kimoja? Swali hilo linampeleka mwanafunzi kwa baba, kwa shule, na kwa jamii inayowapanga watoto wake kwa herufi. Na baba naye ana sababu zake: mtu aliyeuza mali yake anaona kushindwa kwa mwanawe kuwa ni hasara ya nyumba nzima. Kumwelewa si kumtetea. Mgala muue na haki yake mpe.

Darasa linalomhukumu Samueli kuwa "mwepesi wa kukata tamaa" limemwambia kila mwenye hofu kama yake kwamba aifiche. Darasa linalochunguza jinsi mawazo yake yalivyofungika hatua kwa hatua, na mahali ambapo mtu mmoja angeweza kuufungua mlango, limefanya kazi ambayo ratiba ya ushauri nasaha peke yake haiwezi kuifanya.

4.3 Dadi na Penina

Mifano miwili iliyobaki ni ya mapenzi. Katika "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho, Dadi, mchuuzi wa samaki, anamshuku mkewe Kidawa, ambaye ameajiriwa katika shule ya wasichana, kwamba ana uhusiano na mwalimu mkuu. Shaka hiyo inamfikisha usiku kwenye dirisha la watu, na inamwangusha. "Ni mwenye wivu," huandika wanafunzi, na wivu unaonekana kana kwamba ni ugonjwa aliozaliwa nao. Lakini kichwa cha hadithi kinatuelekeza kwenye mkataba. Kabla ya ndoa Kidawa aliweka masharti, na Dadi akayakubali. Je, aliyakubali kwa kuwa aliyaamini, au kwa kuwa alimtaka Kidawa? Tukilitazama swali hilo, shaka yake haielekei tu kwa mwalimu mkuu. Dadi ni mtu aliyetia sahihi kwa kinywa ahadi ambayo malezi yake hayakuitia sahihi, na sasa kila mlango ambao mkewe anautoka kwenda kazini unamkumbusha kwamba ule mume aliyelelewa kuwa hana mahali pa kukaa. Wanafunzi wa kiume wanaojiandaa kuwa waume katika karne hii wanahitaji kuielewa hali hiyo, wala haitoshi kuambiwa kwamba wivu ni sifa mbaya.

Katika "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, Penina, binti wa wenye nacho, anampenda Dennis, mwana wa maskini, wakiwa chuo kikuu. Baadaye, Dennis anapokosa kazi, anamwacha. Penina hupewa sifa za unafiki na usaliti, na kichwa cha hadithi huletwa kama shahidi. Hebu tulitazame neno lenyewe. Kifaurongo ni mdudu anayejifanya amekufa akiguswa. Hafanyi hivyo kwa hila ya kumdhulumu mtu; anafanya hivyo kwa hofu. Je, mapenzi ya Penina yalikuwa ya uongo tangu siku ya kwanza, au yalikuwa ya kweli mpaka yalipoguswa na fedha za wazazi na macho ya watu? Kama yalikuwa ya uongo tangu mwanzo, alikuwa anatafuta nini kwa kijana asiye na kitu? Hatudai kwamba jibu la pili ndilo sahihi. Tunadai kwamba mwanafunzi anayeandika "mnafiki" amejibu swali ambalo hajajiuliza.

4.4 Anayesimulia naye ana nia

Kabla ya kuiacha mifano, tugusie jambo linalosahauliwa mara nyingi: msimulizi wa nafsi ya kwanza ni mhusika, na kusimulia kwake ni tendo lenye nia. Katika "Mke Wangu" ya Muhammed Said Abdulla, iliyomo katika Damu Nyeusi, mume ndiye anayetusimulia jinsi alivyomchagua Aziza, msichana wa shamba, akitumaini kumfinyanga atakavyo, na jinsi matumaini hayo yalivyomponyoka. Kila tunachokijua kuhusu Aziza kimepita kinywani mwa mume huyo. Tukiandika kwamba Aziza hana adabu, tunanakili malalamiko ya mdai na kuyaita ushahidi. Kicheko tunachocheka katika hadithi hiyo kina pande mbili: tunamcheka Aziza pamoja na msimulizi, kisha, tukisoma vizuri, tunamcheka msimulizi aliyedhani kwamba binadamu mwenzake ni udongo. Maswali ya kawaida ya sifa humnyima mwanafunzi kicheko cha pili.

5.0 Mipaka ya Swali la Nia

Hatupendi kueleweka kana kwamba kila mhusika anapaswa kuchunguzwa moyo. Katika hadithi inayoupa mkusanyiko jina lake, "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, linafika jitu katika mkahawa wa Mzee Mago na kukila chakula chote kilichomo. Kuuliza ni malezi gani yaliyolifanya jitu hilo liwe na njaa ni kuikosea hadithi. Jitu ni istiari. Njaa yake ni njaa ya wanaonyang'anya ardhi ya wanyonge, na sababu zake zimo katika mfumo, si katika nafsi. Lakini Mzee Mago ni mtu. Kwa nini anashikilia mahali ambapo wenye nguvu wanapaita uchafu? Kwa nini anawashughulikia majirani wakati angeweza kujiokoa peke yake? Hapo swali la nia linarudi na nguvu zake zote.

Katika "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad mpaka huo ni mwembamba zaidi. Sasa na Mbura wanakula katika sherehe ya Mzee Mambo huku wakiulizana juu ya kula kwenyewe. Wao ni vielelezo vya tabaka linalokula mali ya umma. Lakini kwa kuwa wanajua wanachokifanya na hawaachi kukifanya, wana nia, na nia hiyo ndiyo inayotisha. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kupambanua jitu na Mzee Mago, na kumtazama Sasa kwa macho yote mawili, amewafundisha sehemu kubwa ya uhakiki.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la watahini. Watasema kwamba sifa zinasahihishika na nia hazisahihishiki. Kwamba pakiwa na watahiniwa wengi mno na wasahihishaji wengi, usawa hauwezi kupatikana bila orodha ya majibu. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Hata hivyo, inachanganya mambo mawili: uhuru wa kubuni na wajibu wa kuthibitisha. Dai kuhusu nia linaweza kupimwa kwa vigezo vilivyo wazi: Je, mtahiniwa ametaja tendo mahsusi? Je, amelihusisha na jambo jingine lililomo katika hadithi, liwe neno, hali au tukio? Je, uhusiano huo unaingia akilini? Insha husahihishwa kwa vigezo vya namna hiyo kila mwaka, bila orodha ya sentensi zinazokubalika.

Pingamizi la pili ni la wananadharia. Watatukumbusha kwamba mhusika si mtu, ni maneno yaliyopangwa. Hana moyo nyuma ya ukurasa. Tunakubali. Lakini nia tunayoizungumzia haiko nyuma ya ukurasa. Ni uhusiano baina ya matendo, maneno na hali ambao mwandishi ameupanga juu ya ukurasa wenyewe ili msomaji auunganishe. Kuitafuta nia ni kuusoma muundo. Ni orodha ya sifa inayomtendea mhusika kana kwamba ni jirani wa kusengenywa.

Pingamizi la tatu linatoka katika mkabala wa kijamii uliotawala sehemu kubwa ya uhakiki wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980. Mkabala huo ulituonya, na ulifanya vyema, dhidi ya kuyaeleza matatizo ya jamii kwa tabia za mtu mmojammoja. Je, swali la nia haliturudishi huko? Mifano tuliyoitoa inaonyesha kinyume chake. Hofu ya Sara ilitupeleka kwa jamii. Uongo wa Samueli ulitupeleka kwenye mfumo wa elimu. Kuondoka kwa Penina kulitupeleka kwenye tabaka. Kivumishi ndicho kinachomfungia mtu ndani ya nafsi yake. "Mwoga" ni neno linalokomea kwa Sara. "Kwa nini aliogopa" haliwezi kukomea kwake.

7.0 Mapendekezo

Tunapendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila kungojea mtaala mwingine.

Kwanza, darasani kila sifa iambatane na sababu. Mwanafunzi asiruhusiwe kuandika sifa ya mhusika bila kuongeza tendo linaloithibitisha, jambo katika hadithi linalolieleza tendo hilo, na, inapowezekana, maelezo mengine ambayo msomaji mwenzake angeweza kuyatoa. Sifa mbili zilizochambuliwa hivyo ni bora kuliko nane zilizokaririwa.

Pili, watunzi wa mtihani wagawe upya alama za maswali ya wahusika, ili angalau nusu yake iende kwenye maelezo ya sababu, na mwongozo wa usahihishaji useme waziwazi kwamba hoja isiyomo katika orodha ikubaliwe iwapo imethibitishwa kutoka katika hadithi. Walimu hufundisha kinachotahiniwa. Hatuwezi kuwalaumu kwa hilo na wakati huo huo kuuacha mtihani ulivyo.

Tatu, vyuo vinavyowaandaa walimu wa Kiswahili viwazoeze kusoma hadithi mara mbili kabla ya kufungua mwongozo wowote. Miongozo ina kazi yake, hasa kwa mwalimu aliye mbali na maktaba, lakini kazi hiyo ni kusaidia usomaji uliokwisha kufanyika, si kuchukua nafasi yake.

Nne, tunawaalika wanafunzi wa uzamili wafanye utafiti katika uwanja huu, ambao uko mlangoni mwao. Kwa mfano, ni sifa zipi wanazopewa wahusika wa kike katika miongozo ya shule, na ni zipi wanazopewa wa kiume kwa matendo yaleyale? Ni mara ngapi tendo la mhusika maskini huelezwa kwa tabia yake, na la tajiri kwa hali yake? Maswali hayo hayahitaji vifaa vya gharama. Yanahitaji miongozo, kalamu na uvumilivu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumfundisha mhusika kwa sifa peke yake kunaipotosha hadithi fupi na kumdhulumu msomaji wake. Yapo mambo ambayo mwanafunzi atayasahau mara tu mtihani utakapokwisha: majina, kurasa, hata miisho ya hadithi. Kitakachobaki ni mazoea. Akizoea kumtazama mtu na kutafuta kivumishi kinachomfaa, atayapeleka mazoea hayo barazani, kazini, mahakamani na nyumbani kwake. Akizoea kuuliza ni nini kilichomsukuma mtu huyo, na kudai ushahidi kabla ya kujijibu, atayapeleka hayo pia. Mwalimu wa fasihi ndiye anayechagua mazoea yapi yaanze, na huchagua kwa swali la kwanza analoliandika ubaoni.